Kumbukumbu za Wasafiri wa Kigoma: Kutoka Kipande hadi Gari Lililounganishwa na Intaneti

Historia ya usafiri katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako kata ya Rusimbi imo ndani ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ni pia historia ya taarifa zilizokusanywa juu ya wasafiri. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji iliacha kumbukumbu nyingi, zikiwemo zile za wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke waliofika mwaka 1858 na Stanley aliyefika mwaka 1871, lakini katika maandishi hayo wapagazi wengi walitajwa kwa idadi yao na mizigo yao, wala hawakuwa na njia ya kusahihisha yaliyoandikwa juu yao.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ya miezi ilifupishwa, na katika miongo iliyofuata uandikishaji wa wasafiri ulifungamana na mahitaji ya mashamba ya mkonge. Vijana wengi wa Buha, nchi ya Waha katika eneo la Kigoma, waliandikishwa kwa mkataba na kupelekwa mashambani wakiwa manamba, yaani vibarua waliotambuliwa kwa namba, na kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ilisimamiwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba kilichotafuta vibarua. Mashambani walitumia kipande, kadi ambamo siku 30 za kazi zilitiwa alama moja baada ya nyingine, na kwa kuwa mwenye kutia alama alikuwa mwajiri, malipo ya kibarua yalitegemea kumbukumbu ambayo yeye mwenyewe hakuwa na mamlaka juu yake.

Leo, basi linalotoka Kigoma kwenda Dar es Salaam hubeba kifaa kinachopokea mawimbi ya satelaiti na kutuma, kupitia mtandao wa simu, mahali gari lilipo na mwendo wake. Mfumo huo wa kufuatilia mabasi ulianzishwa na SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, na kuendelezwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na lengo lake ni jema bila shaka, kwani dereva anayevuka kilomita 80 kwa saa anaweza kujulikana kabla hajasababisha msiba. Hata hivyo, kumbukumbu hiyo hiyo huonyesha mahali dereva aliposimama na muda aliopumzika, na kwa hiyo humhusu yeye binafsi kama inavyolihusu gari.

Magari binafsi yameongeza uzito wa suala hili. Gari jipya lenye modemu, yaani kifaa kinacholiunganisha na intaneti, hupeleka taarifa kwa kiwanda kilicholiunda, na simu ikiunganishwa na redio ya gari, majina na namba za watu huweza kubaki humo hata baada ya gari kuuzwa, jambo lenye maana kubwa katika nchi inayoagiza magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani. Mwezi Mei 2023, Toyota ilitangaza kwamba taarifa za wateja wapatao milioni 2.15 nchini Japani, zikiwemo za mahali magari yao yalipokuwa, zilikuwa wazi mtandaoni kwa takriban miaka kumi kwa sababu ya mpangilio mbaya wa hifadhi yake.

Faragha ilitambuliwa katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, lakini ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, iliyoweka masharti mahususi: mkusanyaji, yaani mwenye kuamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani, apaswa kueleza lengo hilo, na mhusika wa taarifa ana haki ya kuziona na kudai zirekebishwe, huku Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikipokea malalamiko.

Tofauti kubwa kati ya zama za kipande na zama hizi, basi, imo katika haki hiyo zaidi kuliko katika ufundi wa vifaa. Haki hiyo itakuwa na nguvu pale tu dereva wa basi na mnunuzi wa gari lililotumika wa Rusimbi watakapoelezwa, kwa Kiswahili chepesi na kabla ya safari au mauzo, ni taarifa zipi zinachukuliwa, nani anazihifadhi na kwa muda gani. Bila maelezo hayo, watabaki katika hali ile ile ya kibarua aliyesubiri alama ya mwajiri.