Kibali cha matengenezo ya kanisa (Uingereza)

Kibali cha matengenezo ya kanisa ni idhini ya kisheria inayohitajika katika Kanisa la Uingereza (Anglikana) kabla ya kukarabati au kubadilisha kanisa la parokia, vifaa vyake au uwanja wake wa makaburi. Kasisi na waumini hawawezi kuamua peke yao, hata wakigharamia kazi yote.

Utaratibu

Parokia hupata kwanza ushauri wa kamati ya wataalamu ya dayosisi. Tangazo hubandikwa kwa siku 28 ili wenye pingamizi wajitokeze. Uamuzi hutolewa na chansela, ambaye ni jaji wa mahakama ya dayosisi. Kazi ndogo ndogo hazihitaji kibali hicho; baadhi huruhusiwa kwa maandishi na shemasi mkuu.

Sababu

Makanisa mengi ya parokia yalijengwa katika Karne za Kati. Serikali imeyaondoa katika sheria yake ya vibali vya majengo ya kihistoria, kwa sharti kwamba Kanisa liyalinde kwa kiwango kinacholingana. Tangu hukumu ya Duffield (2012), chansela hupima kama manufaa ya mabadiliko kwa ibada na jamii yanazidi madhara kwa jengo. Anayefanya kazi bila kibali anaweza kuamriwa kurudisha hali ya awali.