Kubwaga moyo, kubwaga umimi

Barabara ya lami kati ya Tabora na Nzega ilijengwa kwa vipande viwili, vikakutana Puge. Leo unapita hapo kwa basi, kitabu mkononi. Katika karne ya 19, safari za Unyamwezi zilikuwa za miguu na mabega: mpagazi alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kutoka Tabora mpaka Bagamoyo.

Jina hilo la Bagamoyo wengi hulisoma "bwaga moyo". Kwa mpagazi wa Kinyamwezi, aliyefuata ujira wake, ni pumzika, umefika. Kwa mtumwa ni kata tamaa, kwenu hurudi tena. Neno ni hilo hilo, lakini mmoja anatua mzigo na mwingine ananyang'anywa.

Masufi nao hufundisha kubwaga. Wanasema mtu afe kabla ya kufa, yaani akumbuke mauti mpaka umimi wake unyamaze. Kwenye njia hii fundisho hilo lilienea na tariqa ya Qadiriyya: Tabora kupitia Sheikh Zahor bin Muhammad, Bagamoyo kupitia Sheikh Ramiya.

Huyu Ramiya ni nani hasa? Ni Yahya bin Abdallah, aliyeletwa pwani angali mtoto, mtumwa kutoka Kongo ya mashariki, akamilikiwa na Amir bin Suleiman al-Lamki. Akasoma, akawa khalifa wa tariqa. Waingereza walipoitwaa Bagamoyo mwaka 1916, wakamfanya liwali. Alifariki 1931.

Siku hizi tunaambiwa "achana na nafsi yako" kana kwamba sote tunazo za ukubwa mmoja. Hebu fikiria: mtoto yule alikwisha kupokonywa nchi na ukoo. Mauti hakuhitaji kukumbushwa, alitembea nayo. Angebwaga nini tena? Mwenye cha kubwaga alikuwa muungwana, ambaye akitaka kuingia tariqa kwa Ramiya ilibidi ampe mkono mtu aliyewahi kuuzwa, kisha asimame naye bega kwa bega kwenye duara la zikri.

Baadaye zamu ikamfikia Ramiya mwenyewe, alipokuwa na mali, wafuasi na cheo. Hapo ndipo fundisho lilipomhusu kweli, kwa sababu sasa alikuwa na umimi wa kuuacha. Kwa hiyo kabla hatujamwambia mtu ajishushe, tumuulize kwanza kama aliwahi kuachiwa asimame.