Laptopu ya mtumba ilitoka wapi? Historia fupi kwa anayetaka kubadilisha yake

Wiki hii naweka kando habari za kuandika programu, kwa sababu swali ninaloulizwa zaidi hapa Amalemba halihusu programu hata kidogo. Watu wakishajua kwamba ulisomea kompyuta chuoni, wanataka jambo moja tu: "Ninunue laptopu gani?" Na mara nyingi anayeuliza hanunui ya kwanza. Ana ya zamani iliyochoka, kazi inamngoja, na pesa alizo nazo zikipotea hazirudi.

Wa karibuni kuniuliza ni jirani yangu, mama mmoja mwenye duka dogo la kuchapisha. Asubuhi hufanya kazi za ofisi: barua, CV, iTax, eCitizen. Jioni huwa ni usanifu: kadi za harusi, mabango ya kampeni, na zaidi ya yote programu za mazishi (zile za karatasi, wala si za kompyuta!). Familia huleta picha katikati ya wiki na mazishi ni Jumamosi. Mashine ikizima Alhamisi usiku, hakuna wiki ijayo ya kujaribu tena. Laptopu yake ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne na RAM ya GB 4, na bawaba moja imevunjika. Mkononi alikuwa na shilingi elfu arobaini na tano.

"Sasa mwanangu, nitajie tu jina la laptopu," aliniambia. Ningeweza kumtajia. Lakini jina moja halisaidii ukifika dukani ukakuta halipo na muuzaji anakusukumia lingine. Kinachosaidia ni kujua mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya nani, na ziliachwa kwa nini. Hiyo ndiyo historia ninayotaka tuipitie.

Mashine ya wakubwa

Kompyuta ya kubeba haikuanza kama kitu cha mtu wa kawaida. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kama kilo 11, na ilifungwa kama sanduku la cherehani. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, ya kwanza kujikunja kama laptopu tunazozijua. Bei yake ilizidi dola 8,000 za Marekani, na miongoni mwa wateja wake walikuwa NASA, walioirusha angani ndani ya vyombo vyao. Mwaka 1992 IBM walitoa ThinkPad 700C, nyeusi, yenye kidude chekundu katikati ya kibodi. Biashara hiyo iliuzwa kwa Lenovo wa China mwaka 2005, lakini weusi na kile chekundu vipo mpaka leo.

Sisi huku tulikuwa bado tunatafuta jina. Tarakilishi, ngamizi, kipakatalishi, na jirani zetu wa Tanzania wakasema kompyuta mpakato. Mtaani limeshinda "laptopu", basi nami nalifuata.

ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook zina mteja mmoja: kampuni kubwa inayonunua mashine mia tano kwa mkupuo. Mteja huyo anataka kibodi isiyochosha, mwili usiovunjika, na mashine inayofunguliwa kwa bisibisi ili fundi wa kampuni abadilishe RAM au diski haraka. Hajali sana rangi za skrini, kwa sababu wafanyakazi wake wanatazama majedwali ya hesabu. Kumbuka hilo la skrini, tutalirudia.

Jinsi zilivyofika kwetu

Kampuni hizo hubadilisha laptopu kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, ziwe nzima au mbovu, kwa sababu za kihasibu na za dhamana. Za zamani hukusanywa, hufutwa data, husafishwa na kuuzwa kwa jumla. Nyingi hupanda meli, na ndizo wauzaji wa Nairobi wanaziita "ex-UK". Kutoka Luthuli Avenue na mitaa ya jirani hupanda basi la usiku, na asubuhi ziko Kakamega.

Biashara hii haijawahi kukosa maswali. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliwekwa kuzuia nchi tajiri kumwaga taka za sumu kwa nchi maskini, na mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo lake kuhusu taka za vifaa vya umeme. Mwaka 2009 Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza friji, televisheni na kompyuta kuukuu. Kenya ilibaki wazi. Mwaka 2002 lilianzishwa shirika la Computers for Schools Kenya, lililopeleka mashine zilizotumika mashuleni, na kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kituo cha kuchakata taka za elektroniki, WEEE Centre, jijini Nairobi.

Zipo njia nyingine zilizojaribiwa za kutupatia laptopu. Mwaka 2010 ulikuwepo mpango wa Wezesha wa Bodi ya TEHAMA, uliowapunguzia bei wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2013 Jubilee waliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikafutwa, na vifaa vilipoanza kufika mwaka 2016 watoto walipata tableti. Mwaka huohuo wa 2013 sheria mpya ya VAT iliweka asilimia 16 juu ya kompyuta. Kwa hiyo serikali iliahidi kwa mkono mmoja na kutoza kwa mwingine, na mtu wa kawaida akaendelea na mtumba.

Ajabu ni kwamba mwaka 2013 ndio pia uliotuletea kazi. Kakamega ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi tangu zamani, mji wa karani na taipureta. Ilipogeuka kaunti, zikaja zabuni, mafaili na ofisi mpya. KRA wakaleta iTax, kisha ikafuata eCitizen. Ongeza wanafunzi wa Masinde Muliro wenye ripoti za kuchapisha, na utaelewa kwa nini kila kona ya mtaa wetu ina saiba.

Upande wa usanifu

Usanifu ulianza kuingia mezani mwaka 1985, pale PageMaker ilipokutana na printa ya leza ya Apple. Photoshop ilifuata mwaka 1990. Huku kwetu zilisambaa kwa sidii zilizonakiliwa, tuseme ukweli, na saiba nyingi zilikaa miaka na Photoshop 7 ya mwaka 2002 ikifanya kazi juu ya Windows XP na RAM kidogo sana.

Kisha (tena!) mwaka 2013, Adobe walitangaza kwamba hawatauza tena matoleo ya kudumu. Ni kulipa kila mwezi au kuacha. Mwaka huo huo Canva ilianza Australia, nayo hufanya kazi ndani ya kivinjari. Mwezi wa Machi 2024 Canva waliinunua kampuni inayotengeneza Affinity, na Oktoba 2025 wakaitoa Affinity bure. Ukijumlisha na Inkscape, GIMP na Scribus, leo mtu anaweza kusanifu kihalali bila kulipa senti. Hilo halikuwezekana kwa urahisi huu wakati wa sidii, na linabadilisha hesabu: pesa za programu zinaweza kwenda kwenye RAM.

Na RAM inahitajika. Adobe wenyewe wanataka GB 8 kama kiwango cha chini cha Photoshop na wanapendekeza 16. Ukifungua kivinjari chenye Canva, WhatsApp ya wateja na faili la bango kwa pamoja, GB 4 ni kama kubeba gunia la mahindi kwa baiskeli ya mtoto.

Mstari wa 2017

Hapa ndipo historia inagusa mfuko moja kwa moja. Agosti 2017 Intel walitoa prosesa za kizazi cha nane. Kwa laptopu nyembamba, i5 ilitoka kwenye kiini mbili ikawa na kiini nne. Miaka minne baadaye, Oktoba 2021, Microsoft walitoa Windows 11 na kuchora mstari palepale: karibu kila prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane haikubaliwi rasmi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikaacha kupewa marekebisho ya kawaida, na waliojisajili waliongezewa mwaka mmoja tu.

Matokeo yake ni haya. Kampuni za Ulaya zimelazimika kutupa mashine za 2016 na chini yake kwa wingi, na baadhi zitafika kwetu kwa bei ya kuvutia. Si mbovu, ukiweka Linux zitakufaa sana. Lakini mtu anayeingiza nywila za iTax za wateja hapaswi kukaa kwenye mfumo usiozibwa matundu. Soma namba: kwenye i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ukiona 6 au 7, jua unanunua upande wa pili wa mstari.

Mashine za 2018 ndizo zilizo upande mzuri wa mstari kwa bei ya chini: ThinkPad T480, Latitude 7490, EliteBook 840 G5. Zote zina nafasi mbili za RAM. T480 ina jambo la ziada linalotufaa sisi wa stima za kupotea: betri ya ndani na nyingine ya nje, hivyo unaweza kubadilisha ya nje bila kuzima.

Na Mac je? Apple M1 ya mwishoni mwa 2020 ni nzuri kweli kwa usanifu, na betri yake inadumu. Lakini RAM yake haiongezeki, ukinunua ya GB 8 umefunga ndoa nayo. Kwa bajeti ya jirani yangu haikuwa na nafasi.

Skrini, deni la historia

Nilisema mteja wa kwanza hakujali rangi. Skrini nyingi za laptopu hizi huandikwa "45% NTSC", maana yake rangi nyingi hazionekani jinsi zilivyo. Unasanifu programu ya mazishi yenye mpaka wa zambarau, inatoka kwenye karatasi ikiwa nyingine, na familia haina moyo wa kusikiliza maelezo ya kitaalamu. Skrini ya usanifu inatakiwa ifikie kama asilimia 100 ya sRGB. Dawa rahisi ni kununua laptopu nzuri kisha kuiongezea skrini ya mezani ya aina ya IPS.

Kabla hujalipa, fanya haya ukiwa dukani:

1. Washa na uingie BIOS. Ikidai nywila, iache. Hilo ni kufuli la kampuni ya kwanza.
2. Inamisha skrini kushoto na kulia. Baadhi ya EliteBook zina paneli ya faragha inayofifisha rangi.
3. Tazama kibodi. Ya Uingereza ina £ juu ya 3, ya Ujerumani imebadilishana Y na Z.
4. Angalia afya ya betri kwa amri ya powercfg /batteryreport.
5. Omba dhamana kwa maandishi.

Jirani yangu alichukua T480 yenye i5 ya kizazi cha nane na RAM ya GB 8, akabakiza pesa za GB 8 nyingine. Skrini ya mezani ataitafuta msimu wa harusi ukifika. Kwa sasa, kabla ya kuchapisha nakala mia mbili, anachapisha moja na kuwaonyesha wenye msiba. Ni njia ya zamani kuliko kompyuta yoyote niliyoitaja hapa, na bado inafanya kazi.

Haya, tukutane makala ijayo, nikijaliwa nitaandika jinsi ya kuweka Linux kwenye zile mashine za upande wa pili wa mstari. Kwaherini.