Shoo bila msanii: Tupac na ABBA 'walivyopanda' jukwaani

Je, unaweza kulipa kiingilio ukamtazame msanii ambaye hayupo? Kuna watu wanalipa, tena kwa maelfu. Hivi ndivyo inavyofanyika.

Tupac, 2012

Tupac Shakur alifariki Septemba 13, 1996. Aprili 15, 2012 'akatokea' kwenye tamasha la Coachella, California nchini Marekani, akachana pamoja na Snoop Dogg.

Wengi waliita hologramu, lakini haikuwa. Ulikuwa ujanja wa zamani wa majukwaa ya maigizo, uliooneshwa London tangu 1862. Zamani kilitumika kioo. Siku hizi ni plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, inayowekwa mshazari jukwaani. Picha inarushwa, plastiki inaiakisi. Plastiki yenyewe huioni, unachoona ni mtu tu. Na mtu huyo alitengenezwa kwa kompyuta.

ABBA, 2022

Kundi hili la Sweden lilikwenda mbali zaidi. Mei 27, 2022 lilizindua shoo ya ABBA Voyage jijini London, kwenye ukumbi wa watu 3,000 uliojengwa kwa kazi hiyo tu.

Wanamuziki wote wanne waliimba na kucheza studio kwa wiki tano, wamevaa nguo maalumu, huku kamera 160 zikinasa kila wanavyojongea. Kisha kampuni ya Industrial Light & Magic ikawarudishia sura zao za ujana. Wanaonekana kwenye skrini kubwa ya LED, na taa za ukumbini zinaendana na za ndani ya skrini. Ndiyo maana jicho linadanganyika.

Lakini vyombo vinapigwa laivu, na bendi ya watu 10.

Nani alikubali?

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. ABBA wako hai na waliamua wenyewe. Kwa Tupac, aliyetoa ridhaa ni mama yake, Afeni Shakur.

Tena siku ile 'Tupac' aliwasalimia mashabiki kwa kuitaja Coachella. Tamasha hilo lilianza 1999, miaka mitatu baada ya kifo chake. Yaani aliwekewa mdomoni maneno ambayo hakuwahi kuyasema.

Kwa hiyo msanii anayesaini mkataba leo asiishie kuangalia asilimia za mauzo. Asome pia kipengele cha sura na sauti yake: nani atavitumia siku akiwa hayupo?