Joto na Kelele: Historia ya Kasha la Kompyuta, Tukiitazama kutoka Doha

Muhula uliopita klabu yetu ilianza kurekodi simulizi za wazee Waswahili wanaoishi hapa Doha: walivyofika, kazi walizofanya, na Kiswahili walichokuja nacho kutoka Mombasa, Unguja au Muscat. Tulipoketi kusikiliza rekodi ya kwanza, chini ya sauti ya mzee wetu palikuwa na mvumo usiokoma, kama nyuki ndani ya debe. Ulikuwa mvumo wa feni za kompyuta yetu ya mezani. Mara ya pili tuliziba matundu ya kasha kwa mto ili mashine inyamaze. Ilizidiwa na joto ikazimika yenyewe, na nusu ya maneno ya bibi mmoja ikapotea.

Hapo tukajiuliza: kwa nini mashine hii ishindwe kupoa na kunyamaza kwa wakati mmoja? Jibu tumelitafuta katika historia.

Tuanze na jambo la msingi. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto, na joto hilo lazima litolewe. ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma mwaka 1946 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000 na ilitumia takribani kilowati 150 za umeme. Ilipozwa kwa mashine kubwa za kupuliza hewa. Kelele zake hazikuwa tatizo kubwa, kwa sababu kompyuta ya wakati ule ilikuwa na ukumbi wake, na watu walikwenda kwake kama waendavyo kwenye kinu.

Afrika Mashariki nayo iliipokea kompyuta kwa namna hiyo. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za kizazi kile zilitengewa chumba chenye kiyoyozi, na wahudumu wake walikuwa wachache. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, hata ikawa wengi wa wazazi wetu waliikuta mara ya kwanza ikiwa tayari imeshapungua umbo na kupanda juu ya meza.

Kupanda huko mezani ndiko kulikozaa ugomvi wa joto na kelele. Sasa mtu alikaa hatua moja tu kutoka kwa mashine, akaanza kuisikia. Mwaka 1980 kampuni ya Apple ilitoa Apple III, ambayo kwa matakwa ya Steve Jobs haikuwekwa feni; kasha lake la alumini ndilo lililotegemewa kutoa joto. Nyingi zilipata moto kupita kiasi na mashine hiyo haikufanikiwa sokoni. Mwaka uliofuata IBM ilitoa PC yake ikiwa na feni ndani ya kisanduku cha umeme. Ilivuma, lakini ilifanya kazi. Apple haikukata tamaa: Macintosh ya mwaka 1984 nayo haikuwa na feni, ila ilikuwa na matundu juu ili hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe. Macintosh SE ya mwaka 1987 ikaja na feni.

Miaka ya 1990 vichakataji vilizidi kula umeme, vikabandikwa vipande vya alumini vyenye mapezi na feni zake vyenyewe. Mwaka 1995 Intel ilitoa vipimo vya ATX vinavyoeleza vifaa vikae wapi ndani ya kasha, na hadi leo makasha mengi yanafuata mpango huo. Baada ya mwaka 2000, Pentium 4 za mwisho zilipita wati 100, na feni ndogo za milimita 80 zililazimika kuzunguka kwa kasi hadi zikapiga kelele kama mbu. Intel ilipendekeza mpango mpya, BTX, ili hewa ipite moja kwa moja juu ya kichakataji. Mwaka 2006 iliuacha, kwani vichakataji vipya vya Core 2 vilitoa joto pungufu.

Makasha ya leo yanagawanyika katika makundi mawili. Lipo la uso wa wavu, ambalo hewa huingia kwa urahisi lakini sauti nayo hutoka kwa urahisi. Lipo la kuta zilizofungwa na kubandikwa sponji: ni tulivu kazi ikiwa nyepesi, lakini kazi ikiwa nzito hewa hukosa njia na feni hulazimika kuongeza mwendo. Feni ikipunguzwa mwendo hadi nusu, kelele yake hupungua kwa takribani desibeli 15, ila hewa inayosukumwa nayo hupungua nusu. Ndiyo maana feni kubwa inayozunguka polepole huishinda ndogo yenye haraka: ya milimita 120 hufagia eneo zaidi ya mara mbili ya ile ya 80.

Sasa turudi Doha. Kompyuta inayopozwa kwa hewa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba ilimo. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 22 hadi 32, kichakataji nacho hupanda kwa takribani nyuzi 10, feni zikibaki kwenye mwendo uleule. Nasi tulikuwa tukizima kiyoyozi kila tunaporekodi, kwa kuwa nacho kinavuma. Chumba kikapata joto, feni zikaongeza kasi, na mvumo tulioufukuza mlangoni ukarudi dirishani.

Watu wa Ghuba walilijua somo hili kabla ya umeme. Mnara wa upepo wa nyumba za kale hauna kinachozunguka: hunasa upepo juu na kuushusha chini kimya kimya. Mbunifu Mmisri Kamal El Kafrawi aliirudia minara hiyo alipobuni majengo ya Chuo Kikuu cha Qatar. Hewa ikipewa njia pana, haihitaji kusukumwa kwa nguvu.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama tukubaliane mambo matatu. Kasha letu jipya liwe la wavu, lenye feni kubwa za mwendo wa taratibu. Vichujio vyake visafishwe kila mwezi, maana vumbi la hapa huziba matundu kuliko mto wetu. Na muhimu zaidi, mashine ikae chumba cha pili, waya mrefu wa maikrofoni upite chini ya mlango. Tutakuwa tumerudia desturi ya mwaka 1965, ya kuipa kompyuta chumba chake.

Bibi yule amekubali kuja tena. Safari hii tungependa asikike yeye peke yake.