Swali la William Ngidi: Imani, Akili na Haki ya Kuuliza

Mvutano kati ya imani na akili huelezwa mara nyingi kana kwamba ulizaliwa Ulaya, kwenye darubini ya Galileo na vitabu vya Darwin, kisha ukaletwa Afrika kwa meli pamoja na bidhaa nyingine. Naona maelezo hayo yana kasoro. Mojawapo ya misukosuko mikubwa iliyolikumba Kanisa la Uingereza katika karne ya 19 ilitokana na kazi iliyofanyika Natal, kusini mwa Afrika, na mmoja wa waliouchochea alikuwa Mzulu aitwaye William Ngidi.

Mwaka 1853 John William Colenso aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Natal. Alikuwa mwanahisabati aliyesoma Cambridge, na vitabu vyake vya hesabu na aljebra vilitumika sana katika shule za Uingereza. Katika misheni yake ya Ekukhanyeni, karibu na Pietermaritzburg, alijifunza Kizulu, akaandika sarufi na kamusi, akaanza kutafsiri Biblia. Ngidi alikuwa msaidizi wake katika tafsiri hiyo. Walipofika kwenye habari za Gharika, Ngidi alimwuliza kama yote hayo ni kweli. Je, wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili? Na Nuhu aliwakusanyia wote chakula, hata wale walao nyama?

Tutafakari hali ilivyokuwa. Aliyeulizwa ni askofu, Mzungu, mwenye koloni nyuma yake. Aliyeuliza ni Mwafrika aliyekuwa chini yake kikazi. Ingekuwa rahisi sana kumwambia asitie shaka Neno la Mungu, na jambo likaisha. Lakini Colenso alikuwa amekwisha kusoma elimu ya miamba, na alijua kwamba gharika iliyofunika dunia nzima haikubaliani na ushahidi wake. Alieleza baadaye kwamba dhamiri haikumruhusu kusema uongo kwa jina la Bwana.

Akaichukua Torati na kuipima kwa hesabu. Kitabu cha Kutoka kinataja wanaume wapatao 600,000 waliotoka Misri. Ukiongeza wanawake, watoto na wazee, unapata watu zaidi ya milioni 2. Umati huo ungekusanyikaje mbele ya mlango wa hema? Makuhani watatu wangewezaje kuhudumia sadaka zao zote? Mwaka 1862 alianza kuchapisha matokeo ya uchunguzi huo, na mwishowe vikawa vitabu 7. Hata hivyo hakuacha kuhubiri wala kusali. Aliamini kwamba Mungu hasemi kupitia Maandiko kwa sababu tu takwimu zake ni sahihi.

Wapo waliomjibu kwamba alisoma Maandiko kama mkaguzi asomavyo daftari la fedha, na hoja hiyo ina uzito. Simulizi takatifu hubeba maana ambazo jumla na mgawanyo haziwezi kuzifikia. Lakini wengi hawakujibu hoja kwa hoja. Huko Uingereza alidhihakiwa kuwa ni askofu aliyetumwa kuwaongoa Wazulu, akaongolewa na Mzulu. Mwishoni mwa mwaka 1863 Robert Gray, askofu wa Cape Town na mkuu wake, alimtia hatiani kwa uzushi na kumvua uaskofu. Mwaka 1865 Baraza la Faragha la Malkia, mjini London, liliamua kwamba hukumu hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria. Mzozo huo ukawa miongoni mwa sababu zilizowafanya maasofu wa Kianglikana wakutane kwa mara ya kwanza huko Lambeth mwaka 1867.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Kwangu mimi, sehemu yenye uzito zaidi ndiyo inayofuata. Mwaka 1873 serikali ya Natal ilimtuhumu Langalibalele, mtawala wa Wahlubi, kwa uasi, baada ya mvutano kuhusu kuandikisha bunduki za vijana wake. Alihukumiwa katika baraza lililoongozwa na gavana mwenyewe, akapelekwa kisiwa cha Robben. Colenso aliusoma ushahidi wa serikali kwa jicho lile lile alilosomea Torati, akaona haukidhi. Akakusanya maelezo ya mashahidi Waafrika, akasafiri hadi London kulalamika. Walowezi wengi waliomtetea katika shauri la uzushi sasa walimpa kisogo. Hesabu za Musa waliweza kuzivumilia. Hesabu za gavana zilipoguswa, ikawa habari nyingine. Mwaka 1879, jeshi la Uingereza lilipokwisha kushindwa na Wazulu huko Isandlwana, aliwauliza waumini wake kutoka mimbarini kama walikuwa wamewatendea haki jirani zao.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba suala hili ni la wanateolojia peke yao. Mazoea ya kuuliza hayagawanyiki: anayezuiwa kuuliza kanisani hufunzwa pia kutouliza ofisini na barazani. Na gharama ya ukimya tumeiona karibu nasi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hatuwezi kusema kwamba watu wale walikosa imani. Walikosa mahali ambapo mtu angeweza kumwuliza mhubiri wake, bila kuitwa msaliti, kama hayo asemayo ni kweli.

Kwa mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma anayesali, naona wajibu wa aina mbili. Tuulize kwa unyenyekevu, kama Ngidi alivyouliza. Na tukiwa sisi ndio wenye joho, cheo au muhuri, tumjibu aliye chini yetu kwa kile tunachokiamini kweli, hata kama jibu hilo litatugharimu kiti.