Ridhaa ya Wenye Ardhi na Mustakabali wa Biashara Nchi ya Magharibi

Atakaye kuupima mustakabali wa biashara katika nchi ya magharibi, tangu Kitete na mitaa mingine ya Tabora hata Nzega na Igunga, asianze na bei ya tumbaku wala na reli mpya. Aanze na swali la kale, kwamba mwenye mtaji anapoingia katika ardhi ya watu humwomba nani idhini. Unyanyembe, himaya ya kale ya Tabora, ililijibu swali hilo kwa gharama kubwa. Waarabu wa Tabora walikaa kwa ridhaa ya watemi, na misafara ikitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, njiani. Lakini mtemi Manwa Sera, mrithi wa Fundikira, alipotaka kuzitoza ushuru bidhaa zao, walimwondoa mnamo 1860 kwa nguvu ya bunduki wakamtawaza Mkasiwa. Walidhani wameiokoa faida. Manwa Sera aliwapiga na kuwakatia njia za biashara hata alipouawa mwaka 1865, na mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, naye akaifunga njia ya Ujiji. Sisemi misafara ile ilikuwa ya insafu, kwani ilichukua pembe na watumwa pia. Nasema tu kwamba ushuru walioukataa ulikuwa rahisi kuliko vita walivyovinunua.

Dhuluma ya namna hiyo haikukoma na ukoloni. Huko Hanang, katika nyanda za Basotu, shirika letu la umma la NAFCO, likisaidiwa na serikali ya Kanada, lilianzisha mashamba ya ngano kuanzia miaka ya 1970 katika malisho ya wafugaji Wabarabaig, yakafikia ekari laki moja hivi. Trekta zililima juu ya makaburi ya wazee, yale ya udongo uliorundikwa na kuinuliwa kwa heshima, ambayo jamaa huyarejea kwa ibada kizazi baada ya kizazi. Wanakijiji wa Mulbadaw walishitaki mwaka 1981. Mahakama Kuu ikawapa haki, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, miongoni mwa hoja zake ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Nani basi alikuwa mwenyeji wa Basotu?

Leo Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, linapita Nzega na Igunga, na huko Igunga wako Wataturu, ndugu wa damu wa Wabarabaig. Kampuni ya bomba imeandikiana nao mapatano, na vilevile na Waakie, jamii ya wawindaji, kwa kanuni ya ridhaa itolewayo kwa hiari na kabla ya kazi, ingawa sheria za nchi haziwatambui kama wenyeji wa asili. Hiyo ni hatua ya kusifiwa, nami naisifu. Lakini fidia ya fedha humlipa mwenye shamba lenye mipaka. Haki ya mfugaji, ambayo ni kupita, kunywesha na kuzika, hailipiki kwa hesabu ya ekari, na hapo ndipo suluhu nyingi huvunjika.

Kwa hiyo nawaomba wenye kampuni, za mafuta, za reli na za dhahabu: waketi na wazee kabla ya tingatinga kuwasha moto, makaburi, visima na mapito ya ng'ombe viandikwe katika ramani ya kazi, na nakala ya mapatano, kwa Kiswahili, ibaki kijijini mikononi mwa wenyewe.